Baba, Tangi Halishiki Tena

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulitulea tusimwambie mkubwa neno lolote kabla ya shikamoo, na sioni kwa nini kufa kukupunguzie heshima yako.

Nakuandikia nikiwa nimekaa barazani kwako hapa Kwaluguru. Ni asubuhi, na jua limeshaanza ukali wake. Mama amemaliza eda juzi, zile siku za mjane kukaa nyumbani kwa mumewe bila kutoka. Kesho mwanao Rajabu anakuja na gari la kukodi kutuchukua na vyombo, tunahamia kwake Masuguru, Korogwe mjini. Nimeona nikuambie mimi mwenyewe, maana wewe ni mtu wa kutaka jambo na mizizi yake, na wengine wakikusimulia watakufichaficha.

Nyumba imetushinda, Baba. Nimelitanguliza hilo ili nisije nikazunguka mbuyu.

Watu waliopita hapa waliona tangi la maji, sola, mtambo wa biogesi na migomba, wakasema mzee yule ana vitu vingi. Mimi niliyekaa nawe tangu niliporudi kutoka kwa mume niliona kitu kimoja tu. Maji ya paa yaliingia tangini kwa gata, tukayanywa sisi na ng'ombe wawili. Samadi ya ng'ombe ikakorogwa na maji, ikalishwa mtambo. Mtambo ukatupa gesi ya kupikia, na tope lake likaenda kwenye migomba na mchicha. Hukununua mkaa, hukununua mboga, hukuwa na mita ya umeme ukutani, na ulikuwa na kiburi cha mtu asiyedai wala kudaiwa. Hukuniambia kwamba kimoja kikiachia vyote vinaanguka. Labda hukuona haja ya kuniambia, maana ulikuwepo.

Ukaidi wako nilijua ulikoutoa. Babu alikuja Korogwe kama manamba, kukata mkonge, nawe ukazaliwa kambini. Nyumba ilikuwa ya shamba, posho ya shamba, taa ya shamba, na bomba lilikuwa moja tu, la shamba, ambalo Bibi alilipangia foleni tangu alfajiri. Kazi ya Babu ilipokwisha, vyote vikabaki na wenyewe, nanyi mkatoka na godoro. Ulitusimulia mpaka Rajabu akawa anakumalizia sentensi, ukamtupia kandambili. Na kila mara ulifunga hadithi kwa maneno yale yale, "Mimi sipangi foleni ya kitu ambacho Mungu anakimwaga bure juu ya bati langu." Ukaja huku kwao Mama, ukalima, ukajifunza uashi ukubwani, na tangi ukalijenga kwa mikono yako, mimi nikiwa msichana mdogo ninayekupepetea mchanga na kuulizwa kila saa kama nimelala.

Sasa nikueleze msiba wako, maana hukuuona.

Ulikufa kiangazi, wakati mbaya kuliko wote. Mama alikukuta umekaa chini karibu na shimo la kukorogea samadi, mikono bado ina kinyesi, umeegemea ukuta. Alikuita, akakuita tena, akidhani unamtania. Kabla ya adhuhuri uwanja ulishajaa watu, na Baba mdogo Hamza akaja kuniuliza maji ya kukuogeshea yako wapi. Ufunguo wa koki ya tangi ulikuwa kwenye mfuko wa koti lako ulilolivaa. Hakuna aliyetaka kuutoa, nikautoa mimi. Maji ya kwanza kutoka kwenye tangi lile bila wewe kuyapima kwa ule mwanzi wako wa alama ndiyo yaliyokuosha.

Baada ya hapo koki haikufungwa tena.

Walikuja wa Kwaluguru wote. Walikuja wa Korogwe kwa malori. Walikuja hata wafugaji wa Kimaasai uliokuwa ukigombana nao kila kiangazi kwa sababu ya ndama wao na migomba yako, wakakaa chini pembeni, kimya, siku nzima. Wote hao walipikiwa, walinawa, walitia udhu, walioga waliolala, na masufuria yaliyopikiwa yakaoshwa ili yapikiwe tena. Tangi lilikuwa nusu, na nusu ile wewe ulikuwa umeipangia itufikishe mvua za vuli. Mimi nilisimama mlangoni nikaona ndoo zinavyopishana. Lakini nani atampimia maji mtu aliyekuja kukulilia? Mama aliulizwa kama baadhi ya watu wakachote lamboni, akasema haya ya tangi ni maji ya marehemu mwenyewe, waache wayanywe.

Wewe ulikuwa mtu pekee hapa kijijini aliyekwenda msibani na dumu lake la maji nyuma ya baiskeli. Watu walikucheka, wakasema Mzee anadhani atakufa kiu njiani. Ulilitua jikoni kwa wafiwa bila kusema neno, ukaenda kukaa na wanaume. Nilidhani ni vituko vyako tu. Siku ile nilipokuwa natazama zile ndoo ndipo nilipokuelewa, na hukuwa tena na masikio nikuambie.

Siku ya tatu ikawa kuanua tanga. Unajua desturi, wanawake hawaondoki wakamwachia mfiwa uchafu. Shangazi Mwajuma, dada yako, alijifunga kanga kiunoni akawapanga. Wengine walifua mablanketi, wengine walipiga deki nyumba nzima hadi banda la ng'ombe, na maji ya koki yalipokatika wakaweka ngazi, wakaingia ndani ya tangi. Walikomba yale ya mwisho na lile tope la chini, wakasugua kwa maganda ya nazi na sabuni, wakatoka na ndoo za mwisho wakamalizia baraza. Halafu wakaegemeza mfuniko pembeni ili tangi lipate hewa. Wakatuaga kwa machozi, wakaenda zao.

Mimi nilikuwa chumbani, nimemshika Mama. Nilisikia vicheko vya chini chini kule nje, vicheko vya wanawake waliochoka kulia, nikashukuru kwamba wanafanya kazi.

Tangi la saruji haliachwi kavu. Hilo tulilisikia kwako mpaka tukalichoka. Hata ulipolisafisha uliacha maji ya kufika kifundo cha mguu, na mfuniko hukuuacha wazi, kwa sababu saruji ikikauka ndani huku jua linaichoma nje inavutana yenyewe kwa yenyewe mpaka inapasuka. Kesho yake nilipokwenda kuteka maji ya chai, koki ilipumua hewa. Nikapanda nikachungulia. Ndani kulikuwa kumepauka, safi kabisa, na joto lililonipiga usoni lilikuwa la tanuri. Nilifunika, nikaomba jirani ndoo nikamwagia, ikanyweka yote palepale. Siku chache baadaye ufa ulionekana karibu na koki, mwembamba, ukawa unapanda.

Ningepata mtu mwovu wa kumchukia ningepumzika. Hakuna. Umeangushwa na watu waliokupenda, kwa mikono yao, na sabuni walikuja nayo wenyewe.

Vingine vilifuata kwa mpangilio wake. Ng'ombe hawakuwa na cha kunywa, nikampa mzee mmoja wa Kimaasai awaweke kwenye kundi lake karibu na lambo. Mtambo ukakosa cha kula. Moto wa jiko ulipungua kila siku, ukawa bluu ndogo inayotetemeka, na asubuhi moja Mama alikuwa anachemsha uji ukazimika katikati. Aliubeba uji ule ambao haujaiva akauweka chini, akaniambia nikatafute kuni. Tangu siku hiyo anakohoa. Migomba ilikauka kuanzia majani ya chini. Sola peke yake haikuhitaji kunywa, kwa hiyo bado inafanya kazi, Baba, usifurahi sana. Kila jioni taa inawaka na kutumulikia ndoo tupu.

Rajabu alitaka kutuchukua mapema. Alipiga simu karibu kila siku, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayebembeleza mtoto. Lakini Mama alikuwa edani, na mjane haondolewi nyumbani kwa mumewe kwa sababu ya ndoo ya maji, hivyo ndivyo alivyomjibu. Kisha akachukua simu yangu akamwambia neno ambalo nimeishi nalo miezi yote hii. "Vuli ikija, tangi likijaa, mimi sitoki hapa hata eda ikiisha. Likikataa, nitakuja kwako."

Unamjua Mama, harudii neno wala halirudishi. Kwa hiyo nilijua ninachopigania. Nyumba yako yote ilikuwa imening'inia kwenye ufa mmoja.

Tulipotoa arobaini yako Shangazi alikuja tena, mapema, na mchele wake. Akiwa anachambua kwenye ungo aliwaambia wenzake, "Tangi la kaka yangu tulilisugua likabaki linang'aa kama sahani. Kaka alipenda usafi." Nilifungua mdomo. Mama, aliyekuwa amekaa nyuma yangu, alinifinya mkono mpaka nikaufunga. Baadaye aliniambia yule mwanamke amempoteza kaka yake, tusimwongezee mzigo wa pili. Basi Shangazi hajui hadi leo. Hakuna anayejua isipokuwa sisi wawili na wewe.

Arobaini ilipopita nilichukua patasi na nyundo yako. Niliuchimba ufa nikaupanua, nikaupiga brashi kutoa vumbi, nikapepeta mchanga wa korongoni mara mbili kama ulivyonizoesha. Nilichanganya saruji, nikaisindilia kwa mwiko mdogo, na juu nikapiga niru, ule uji wa saruji wa kulainisha. Mikono yangu ilikumbuka kila kitu. Kwa muda wa kazi ile nilikuwa na furaha, nakuambia kweli, nilikuwa nakusikia ukinigombeza kwamba nimelowesha mno.

Ila saruji mbichi hunyweshwa kila siku kwa wiki nzima, la sivyo inakuwa vumbi tu lililosimama. Na maji yalikuwa yale ninayoyaleta lamboni kwa baiskeli yako, madumu mawili, njia yenyewe unaijua ilivyo mchanga. Ya kunywa, ya kupika, ya Mama kuoga, ya udhu, ya saruji. Siku moja tairi lilipasuka huko huko, nikarudi nasukuma baiskeli na dumu moja, jingine nikiwa nimemwachia mwenye nyumba ya njiani. Nilisimama uani na kikombe mkononi, nikitazama ukuta wa tangi, nikitazama birika la udhu la Mama, nisijue nimimine wapi.

Mama aliniona. Alitoka taratibu, akainama, akapiga viganja vyake kwenye udongo mkavu wa uani, akapangusa uso na mikono. Alikuwa anatayamamu. Akaniambia, "Yangu limwagie tangi. Mimi Mungu amenipa udongo, saruji hakuipa."

Sijui shehe angesema nini, na sikumuuliza. Mama alisali kwa udongo mpaka wiki ile ikaisha, na kila nilipomwagia ukuta ule niliona namwagia swala zake. Nilikuwa na uhakika, Baba. Nilidhani kitu kilicholipiwa hivyo hakiwezi kukataa.

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri. Mawingu yalijikusanya upande wa milima ya Usambara, ukavuma upepo wenye harufu ya udongo, kisha bati likaanza. Nilishaosha paa na gata nilishazikagua zote. Nilipanda ngazini nikasikia maji yanaanguka ndani, ile sauti ya chini kabisa ya tangi tupu. Mama alikuja akasimama mlangoni. Nilimpigia Rajabu, nikaishika simu juu asikie mvua, na upande wa pili nikamsikia anacheka huku analia. Nikashuka kutazama ufa wangu. Ulikuwa mkavu. Maji yalipanda ndani mpaka nikaona kwa rangi ya ukuta kwamba yamefika magotini, nao ulikuwa bado mkavu. Nilianza kumtania Mama kwa sauti, kwamba nitamdai ndoo zote nilizomletea.

Kiraka kilitoka kizima, kama gamba la kidonda. Kilinigonga kwenye paja.

Maji yalitoka kwa nguvu, mekundu kwanza, kisha safi. Niliweka kiganja. Niliweka kanga. Nilichota udongo nikasindilia, ukachukuliwa. Nilikaa chini nikaegemea mgongo wangu pale kwenye ufa, nikabana kwa miguu, na maji yakapita pande zote za mgongo, ya baridi, mengi, yale yale tuliyoyangojea, yakaenda zao kuelekea kwenye migomba iliyokwisha kufa. Sijui nilikaa vile kwa muda gani. Najua nilikuwa napiga kelele, na najua nilikuwa nakuita wewe.

Mama alikuja kwenye mvua. Hakunivuta. Alinishika kichwa tu, akasema, "Yaache, Zuhura. Yaache yaende."

Rajabu alileta fundi kutoka Korogwe wiki ile ile. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama mtu anayepima tikiti maji, akasema wavu wa ndani umeshaliwa na kutu, ufa huu ni mmoja tu kati ya nyufa zinazokuja, libomolewe lijengwe upya. Alisema hivyo bila ubaya, kwake tangi lilikuwa saruji tu. Mama alimkaribisha chai ya kuni. Alipoondoka, Mama aliingia ndani akaanza kukunja nguo zako za kuwapa watu. Hatukujadiliana. Neno lilikuwa limeshatolewa siku nyingi, na vuli ilikuwa imelijibu.

Miezi iliyobaki ya eda tuliimaliza kwa maji ya lambo na ya majirani. Mvua zilinyesha nzuri mwaka huu, Baba. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Kila ziliponyesha tulikinga kwa ndoo, sufuria, beseni na ungo wenye nailoni, tukatazama mengine yanavyoingia tangini na kutoka.

Juzi Mama alivua nguo za eda, akaoga, akaenda kaburini kwako. Alirudi na vumbi kwenye magoti, akaomba chai. Jana aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, bomba la kule kwa Rajabu linatoa maji siku zipi. Nilimwambia linatoa kwa zamu, na watu wa mtaa hupanga ndoo mapema. Akaitikia kwa kichwa, akasema basi tuzichukue zote, tusiache hata moja. Nilitoka nje nikajifanya nafuata kuku. Wewe ulikimbia Korogwe usije ukamwona mkeo kwenye foleni ya bomba.

Mimi sijui nitafanya nini mjini. Rajabu anasema nitapata kazi, anasema dada wewe unajua vitu vingi. Ni kweli. Najua kusoma mwanzi wa maji, najua harufu ya mtambo uliokula vizuri na ule uliovimbiwa, najua kupiga niru. Mikono yangu imejaa mambo uliyonifundisha na haina pa kuyafanyia. Wakati mwingine nakuonea hasira kwa hilo, ungeniacha mjinga ningehama kwa raha. Rajabu ana subira na mimi kuliko ninavyostahili, na hata yeye juzi kwenye simu alishindwa, akaniambia, "Dada, hata Baba mwenyewe asingeweza." Nadhani ungeweza.

Ng'ombe mmoja alikufa huko malishoni, mwingine yupo na mzee wa Kimaasai, naye mzee hataki malipo yoyote. Shamba atalima Baba mdogo Hamza. Nyumba hatuiuzi, tunafunga tu. Mama amenikataza kuandika neno "tunarudi" mahali popote, kwa hiyo siliandiki.

Baba, nakuaga. Mungu akufanyie wepesi huko uliko, akupe kivuli, na akusamehe kiburi chako, maana tuliishi vizuri ndani yake.

Nitakuwa nakuja kaburini kila nikipata nauli na nafasi. Nitang'oa magugu, nitasoma Fatiha, nitakaa nawe kidogo. Lakini nakuahidi kwamba sitakuletea tena habari za nyumba hii. Paa likiezuliwa, ukuta ukianguka, hutayasikia kwangu, hizi ndizo za mwisho. Nitakuambia Mama hajambo. Hata siku atakayokuwa na jambo nitakuambia hivyo hivyo, hajambo, mpaka aje akuambie mwenyewe.

Mwanao,
Zuhura